Hisani Huanzia Nyumbani, Lakini Nyumbani ni Wapi?

Kuna misemo ya Kiingereza ambayo Mkenya hahitaji kuketi darasani ili aijue. Huisikia ndani ya matatu, huisikia kwenye harambee, huisikia katika vikao vya chama cha akina mama, na Jumapili huisikia hata kutoka mimbarini. Mmojawapo ni ule usemao, "Charity begins at home". Wengi wetu huufasiri kwa kusema kwamba hisani, au sadaka, huanzia nyumbani. Ni msemo mtamu masikioni. Lakini, msomaji mpenzi, umewahi kuchunguza ni wakati gani watu huutamka? Aghalabu huutamka mtu ambaye yu karibu kumnyima mwenzake kitu.

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, jirani yetu hapa mtaani, alibisha mlango akiwa na daftari mkononi. Shuleni kwao waliandaliwa mjadala kuhusu msemo huo, naye akawekwa upande wa kuupinga.

"Shangazi," akaniuliza huku amekunja uso, "nitaipingaje methali? Si methali ni maneno ya wazee?"

Nilimkaribisha chai tukaketi. Swali lake lilikuwa jepesi kwake lakini kwangu lilikuwa zito, kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye kidogo. Kwanza nimpe kila msomaji yale niliyompa binti huyo, kwani huenda nawe una mtoto ambaye ataulizwa swali hilo kesho.

NENO LENYEWE

Tuanze na neno "charity". Siku hizi tukilisikia, fikira zetu hukimbilia gunia la unga, blanketi, na shirika linalogawa chakula wakati wa ukame. Hapo zamani neno hilo lilikuwa pana zaidi. Asili yake ni Kilatini, "caritas", ambalo nalo latokana na "carus", yaani mpendwa au kitu cha thamani. Mwaka wa 1611, Waingereza walipochapisha Biblia yao mashuhuri ya Mfalme James, neno "charity" ndilo walilolitumia katika sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho. Wafasiri waliokuja kuisahihisha tafsiri hiyo mwaka wa 1881 waliliondoa, wakatia "love" mahali pake. Sisi katika Biblia za Kiswahili twasoma upendo.

Kwa hiyo, wale waliouanza msemo huu hawakuwa wakizungumzia mkoba peke yake. Walizungumzia moyo. Na msemo wenyewe una umri mkubwa. Wazo lake limo katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 14, zama za John Wycliffe. Sir Thomas Browne, daktari wa Kiingereza, alipoutia katika kitabu chake kiitwacho Religio Medici, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1642, aliutaja kama jambo ambalo tayari lilikuwa vinywani mwa watu wote.

Sasa maana. Msemo huu una maana mbili, na zote mbili ni njema. Ya kwanza ni ya mpangilio: watazame kwanza wale wanaokutegemea kabla ya kwenda kuwatazama walio mbali. Baba anayewanunulia wenzake bia baa nzima huku watoto wake wamerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo, huyo msemo wamhusu. Maana ya pili ni ya malezi: nyumbani ndiko mtoto anakojifunza utu. Anayeona mama yake akimgawia jirani kikombe cha sukari, hatahitaji mhadhara wa kumfundisha ukarimu. Wahenga wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini neno la kuchunga katika msemo huu ni "begins". Huanzia. Kitu kinachoanza mahali hakijaishia hapo. Basi linaloanza safari katika steji ya Nairobi halikusudiwi kubaki pale steji. Likibaki, abiria watadai warudishiwe nauli. Ndiyo sababu Waingereza wenyewe huongezea kwamba hisani huanzia nyumbani, lakini isiishie huko. Kipande hicho cha pili ndicho sisi tumekiangusha njiani.

BWANA NA BIBI WA VITABUNI

Waandishi wawili wa Uingereza wametuchorea picha ya watu wawili wanaoupotosha msemo huu, kila mmoja kwa upande wake.

Wa kwanza ni Richard Sheridan. Katika tamthilia yake The School for Scandal, iliyoonyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka wa 1777, yumo kijana aitwaye Joseph Surface. Kijana huyu ana maneno mazuri ya wema tele ulimini, na msemo anaouamini kuliko yote ni huu wetu wa leo. Ami yake, mzee Sir Oliver, anapoambiwa hivyo anajibu kwa dhihaka kwamba bila shaka hisani ya kijana huyo ni ile ya kukaa ndani isiyopata kutoka nje hata siku moja. Na kweli, mzee huyo anapojifanya jamaa maskini na kwenda kumwomba msaada, anaondoka mikono mitupu.

Wa pili ni Charles Dickens. Katika riwaya yake Bleak House, iliyotoka kwa sehemu za kila mwezi kati ya 1852 na 1853, yumo mama mmoja wa London aitwaye Bibi Jellyby. Huyu usiku na mchana anaandika barua za kuwasaidia watu wa Afrika, mahali paitwapo Borrioboola-Gha, kando ya mto Niger, ili wakapate kulima kahawa. Macho yake, asema Dickens, yalionekana kama hayaoni chochote kilicho karibu zaidi ya Afrika. Nyumbani kwake, mtoto wake mdogo kakwama kichwa kati ya vyuma vya ua. Baadaye mtoto anaporomoka ngazini, na mama hata hashtuki. Binti yake mkubwa ameroa wino vidoleni kwa kuandikishwa barua, hana hata mavazi ya kumsitiri vyema. Kwa Kiswahili twasema mganga hajigangi.

Joseph hatoki nje ya nyumba yake na Bibi Jellyby haingii ndani ya yake. Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba hapo ndipo penye ufunguo wa mjadala wake. Anayeupinga msemo huu hana haja ya kusema kwamba familia isitunzwe. Aseme tu kwamba mlango wa nyumba hufunguka pande mbili.

DINI ZASEMAJE?

Wengine huutumia msemo huu kana kwamba ni aya ya kitabu kitakatifu. Si aya, ingawa maneno yanayokaribiana nao yamo. Paulo alimwandikia Timotheo katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, kwamba mtu asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ni mbaya kuliko asiyeamini. Lakini Biblia hiyo hiyo, katika Injili ya Luka sura ya 10, inatupa kisa cha Msamaria Mwema, ambaye majeruhi aliyemwokota njiani hakuwa ndugu wala mtu wa kwao.

Katika Uislamu nako, Mtume Muhammad alifundisha kwamba mtu aanze na nafsi yake, kisha watu wake, kisha jamaa zake, na ziada iendelee kwa wengine. Alifundisha pia kwamba sadaka anayopewa jamaa ina thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Na ukiisoma Surat An-Nisaa, aya ya 36, utaona orodha ya wanaostahili kutendewa wema. Yaanza na wazazi na jamaa, yaendelea kwa mayatima, maskini, jirani wa karibu na jirani wa mbali, hadi yamfikia msafiri aliye njiani. Mwanzo wa orodha ni nyumbani, nayo yamfikia hata mtu usiyemjua.

Wahenga wetu nao walikuwa na mizani yao. Walituambia mkataa kwao mtumwa, wakimwonya anayewasahau watu wake. Hapo hapo wakatuambia akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wala hawakuuliza rafiki huyo ni wa kabila gani. Na kwa yule anayesingizia umaskini walikuwa na jibu tayari: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

MSEMO KATIKA VINYWA VYA WAKUBWA

Hapa kwetu Kenya kuna matumizi mengine ya msemo huu ambayo yafaa kuogopwa. Mkubwa wa ofisi ya umma huwaajiri binamu zake watatu, na akiulizwa, hucheka na kusema hisani huanzia nyumbani. Barabara hutiwa lami hadi kwenye lango la mheshimiwa na kuishia hapo, na wapambe wake hukariri msemo huo huo.

Huko ni kuutesa msemo. Hisani ni mali yako unayoitoa. Nafasi ya kazi serikalini si mali ya aliyekalia kiti, ni mali ya wananchi, na mtu hawezi kutoa sadaka kwa mkono wa mwingine. Ndiyo maana Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 ilikataza upendeleo wa jamaa na ikawawekea maafisa hao mipaka katika harambee. Mwanafunzi akiutumia msemo huu katika insha kutetea mkubwa wa namna hiyo, mwalimu ana haki ya kumtilia wino mwekundu.

KISA CHANGU MWENYEWE

Sasa nifike kwenye lile nililosema kwamba nitalieleza. Si jambo la kujivunia.

Miaka michache iliyopita nyumbani kwangu palikuwa na msichana aliyenisaidia kazi na kumlea binti yangu. Alikuwa ametoka magharibi ya nchi, na alikaa nasi miaka mitatu. Binti yangu alimwita anti. Alijua ni sikio lipi la mtoto humuuma wakati wa baridi, na alijua kwamba hali mayai ila yakikaangwa na vitunguu. Mimi mwenyewe, nikirudi kutoka kazini saa mbili usiku, nilikuta chakula kimefunikwa mezani.

Jumatano moja jioni alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni, ameshika nguo ya kupangusia vyombo.

"Mama," akasema, "nimepigiwa simu. Mama yangu amelazwa. Naomba unikopeshe shilingi elfu nne, uwe unakata kidogo kidogo kwa mshahara."

Shilingi 4,000 nilikuwa nazo. Lakini jioni ile nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha kamati ya arusi ya mwenzangu wa kazini, na pale, mbele ya watu, jina langu lilisomwa kwa ahadi ya shilingi 5,000 na makofi yakapigwa. Zaidi ya hayo palikuwa na kodi ya nyumba na karo ya ndugu yangu mdogo. Nilikuwa nimechoka. Nikamjibu kwa Kiingereza, kama tufanyavyo tunapotaka jambo liishe upesi, "My dear, charity begins at home."

Hakuelewa. Alimgeukia binti yangu, wakati huo ana umri wa miaka tisa, aliyekuwa mezani akifanya kazi ya shule. Mtoto akamfasiria bila ya kuinua macho kutoka daftarini, "Anti, mama anasema msaada huanzia nyumbani."

Msichana yule uso ukamng'aa kidogo. "Asante, mama," akasema. Alidhani nimekubali.

Nilipomweleza kwamba sivyo nilivyokusudia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila ya hasira, "Kwani mimi si wa nyumbani hapa?"

Sikuwa na jibu. Binti yangu aliinua macho kutoka daftarini akanitazama, akingoja nimjibu anti yake. Nikasema tutaongea kesho. Kesho yake nikasema tutaongea keshokutwa. Jumamosi asubuhi dhamiri ilinishinda, nikampa zile 4,000, na nikamwambia kwamba si mkopo, achukue tu. Alishukuru, akafunga mfuko wake, akaenda kupanda basi.

Mama yake alipona, namshukuru Mungu. Lakini yeye hakurudi. Nilipompigia simu aliniambia kwa adabu kwamba amepata kazi ya kuuza mboga karibu na kwao. Mwisho wa mwezi nikapokea ujumbe wa M-Pesa: shilingi 1,000 kutoka kwake. Nikampigia nikamkumbusha kwamba zile pesa zilikuwa zake. Akacheka kidogo tu. Mwezi uliofuata zikaja 1,000 nyingine, na mwezi wa tatu 1,000, na wa nne 1,000. Baada ya hapo simu zangu alizipokea mara moja moja, kisha zikawa hazipokewi.

Nimefikiri sana kuhusu zile pesa. Siku tatu nilizomzungusha zilikuwa zimemjibu swali lake. Mtu wa nyumbani hupewa. Mgeni hukopeshwa, na mgeni mwenye heshima zake hulipa deni.

WALIPOIPANUA NYUMBA

Nisikuache na huzuni, msomaji mpenzi, kwani nchi hii imewahi kuutumia msemo huu kwa njia iliyonyooka.

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua zaidi ya watu 200, wenyeji wa jiji walichimba vifusi kwa mikono na wengine wakapanga foleni kutoa damu. Hakuna aliyeuliza damu hiyo itatiwa mwilini mwa mtu wa wapi.

Mwaka wa 2011, ukame ulipowatesa watu wa Turkana na kaskazini mwa nchi, mchango ulioitwa Kenyans for Kenya ulianzishwa kwa ushirikiano na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500, na likapitwa. Wengi walituma kwa simu, kila mmoja kadiri ya uwezo wake, na wengi wao hawakuwa wamefika Turkana hata siku moja.

Na kile kinachonigusa kuliko vyote ni cha mwaka wa 2002, kijijini Enoosaen, katika Narok. Kijana wa huko, Kimeli Naiyomah, alikuwa New York wakati wa mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Aliporudi aliwasimulia wazee yaliyotokea. Wamaasai wale wakatoa ng'ombe 14 wawape Wamarekani pole, na mjumbe wa ubalozi akaenda kuwapokea. Ng'ombe hawakusafirishwa, kwani safari ilikuwa ngumu mno. Lakini wale wazee hawakuwa wamepungukiwa na shida zao wenyewe. Wangeweza kusema kwa haki kabisa kwamba hisani huanzia nyumbani. Walitoa kile ambacho nyumbani kwao ndicho cha thamani.

KWA MWANAFUNZI NA MZAZI

Basi mwanafunzi, ukiutumia msemo huu, utumie kumkumbusha anayejisahau, si kumfukuza anayebisha hodi. Wafaa kwa yule anayesifiwa nje huku kwake kunalia. Wafaa pia unapotaka kueleza kwamba adabu na huruma hufunzwa sebuleni kabla ya kufunzwa shuleni. Haufai kuwa kufuli.

Nawe mzazi, leo mkiketi mezani kula, hesabu kimoyomoyo ni nani wanaoitwa watu wa nyumbani. Usisahau anayepika chakula hicho, na mlinzi aliye langoni usiku huu wa baridi. Nisingependa mwingine aulizwe lile swali mbele ya mtoto wake akose la kusema. Mimi nimekwisha kulijibu kwa binti yangu, ingawa kwa kuchelewa: nilimwambia kwamba anti alikuwa wa nyumbani, na kwamba mama ndiye aliyekosea.

Yule mwanafunzi alikunywa chai yake akamaliza, akafunga daftari. Mlangoni aligeuka akaniuliza kama aweza kukisimulia kisa cha msichana yule katika mjadala wao, bila ya kunitaja. Nikamwambia akisimulie, na akipenda anitaje.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.